Pompa ilifunguliwa kabla ringi hazijakaa: kisa cha Howo moja ya Lubumbashi

Gari lenyewe ni Howo ya farasi 371, kichwa cha kuvuta trela. Injini ni WD615 ya lita 9.7, silinda sita, pompa ya mazuti, yaani dizeli, ya kizamani isiyo na kompyuta. Ukikaa kando ya barabara ya Likasi utayaona mengi ya aina hiyo yakipita na katodi za shaba, chokaa, salfa au mifuko ya unga. Mwenye gari ni mama mfanyabiashara wa Kampemba. Injini ilikuwa imechoka, ikafunguliwa katika garaji moja ya mjini na kutengenezwa upya kabisa: shemizi mpya (zile bomba za chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), pistoni na ringi mpya (pete zinazoizunguka pistoni), beringi za krenki mpya. Kazi ya chuma, kwa haki, ilikuwa safi. Nalisema hili mapema kwa sababu lawama ya kwanza iliangukia vipuri, kila mtu akisema ni vya bandia, na vipuri havikuwa na kosa lolote.

Miezi michache baadaye lori lilikuwa linakula oili lita moja na nusu kila kilomita 100. Mama alilisema kwa namna yake: "Papa, mimi nilitengenezesha moteri, ao nilifungua duka ya oili?" Trela likijaa, gari hili linatumia mazuti lita 50 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo oili ilikuwa imefika asilimia 3 ya mazuti. Injini ya dizeli ya ukubwa huu iliyo na afya haipaswi kufika hata nusu ya asilimia moja. Juu ya hayo kulikuwa na moshi mzito kwenye kila mwinuko. Na ile nguvu ambayo dereva aliisifia sana mwanzoni ilikuwa imeshuka chini ya ile ya kabla ya matengenezo.

Lori lilipoletwa kwetu mafundi wa pili, historia ya injini tuliipata kwa dereva. Garaji ya kwanza ina daftari, lakini dereva ndiye aliyekaa nayo usiku.

Kilichofanyika

Injini ilipokamilika iliwashwa ikaachwa ralanti, yaani ikinguruma bila kukanyagwa, gari limesimama, tangu jioni hadi asubuhi. Kesho yake hivyo hivyo. Mama na dereva wakaambiwa hiyo ndiyo rodaji, yaani kuizoeza injini mpya polepole kabla ya kuipa kazi. Desturi hii ipo katika garaji nyingi za huku na nia yake ni nzuri: hakuna anayetaka kuumiza kitu kipya. Mafundi wakaiwekea na oili ya sintetiki ya bei ghali, kwa sababu muuzaji alisema injini mpya inastahili kilicho bora.

Kisha mzigo ukakosekana. Ilikuwa mwaka 2025. Serikali ilikuwa imesimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi tangu Februari, na kazi ambazo mama alizizoea zikapungua. Lori likatumwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kilomita 90 hivi, likiwa tupu, dereva akiwa ameagizwa asipite mwendo wa 40. Huko likaingia foleni. Aliyewahi kusimama foleni ya Kasumbalesa anajua: unasogea urefu wa trela moja, unasimama, unasogea tena. Dereva hakuzima injini kwa sababu betri ilikuwa dhaifu na aliogopa kupitwa. Akarudi na mzigo mwepesi, akaenda tena. Injini ikakusanya saa nyingi sana za kunguruma bila kuvuta kitu.

Mizigo mizito iliporudi, ilirudi kwa haraka. Mama alipata safari za Kolwezi na dereva akaona gari halipandi anavyotaka. Fundi wa pompa akaitwa. Akafungua skrubu ya kiasi cha juu cha mazuti, akalegeza pia kile kidhibiti kinachoizuia pompa isimwage mazuti kabla turbo haijaleta hewa. Hakuuliza injini ina umri gani, na hakuna aliyemwambia. Gari likaruka. Kwa wiki mbili dereva alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote barabara ya Likasi.

Ringi hukaa kwa shinikizo

Shemizi mpya haina uso laini. Kiwandani husuguliwa makusudi kwa mawe hadi ukuta wake uwe na mikwaruzo inayokatizana kwa mshazari, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Mabonde ya mikwaruzo hiyo hushika oili. Vilele vyake ni vikali, na katika saa za mwanzo ringi na vilele hivyo hulana kidogo hadi vikubaliane umbo. Hapo ringi imekaa. Moshi wa mlipuko haupiti kushuka chini, na oili haipandi kwenda juu.

Nguvu inayofanya kazi hiyo haitoki kwenye ringi yenyewe. Ringi ina msukumo wake wa spring, lakini ni mdogo. Kinachoibana ukutani ni gesi ya mlipuko, ambayo hupita juu ya ringi, ikaingia nyuma yake kwenye mfereji wa pistoni na kuisukuma nje. Mzigo ukiwa mzito, mlipuko ni mkubwa na ringi inabana. Injini ikiwa ralanti, mlipuko ni mdogo, ringi inapita juu ya oili bila kuikwangua. Oili inayobaki ukutani inakutana na joto la mwako na kuganda kama mafuta yaliyoungulia kwenye kikaango kisichooshwa. Inajaza mabonde, inafunika vilele, na ukuta unakuwa kioo. Kuanzia hapo hata ukiipa injini mzigo, ringi haina cha kulana nacho. Oili ya sintetiki inaongeza tatizo, kwa kuwa utelezi wake, ambao baadaye ni sifa, katika saa hizi unaizuia ringi kukwangua.

Nafasi hiyo haidumu. Sehemu kubwa ya kazi ya kukaa kwa ringi hufanyika katika saa chache za mwanzo, na kwa lori hili saa hizo ziliishia uani kwa garaji na kwenye foleni ya mpaka. Kilomita kwenye dashibodi zilikuwa zimeongezeka, ndiyo, na mama alidhani zinahesabika. Kwa ringi, kilomita tupu za tambarare kwa mwendo wa 40 hazina thamani kubwa.

Uchunguzi

Moshi ulitaka kutudanganya. Ulikuwa mweusi, na moshi mweusi ni mazuti yasiyopata hewa ya kutosha: hiyo ilikuwa kazi ya pompa. Moshi wa oili ni wa bluu, na ulikuwepo, ila mweusi ulikuwa umeufunika. Ndiyo sababu dereva alisafiri nao muda mrefu akidhani ni alama ya nguvu. Tuliirudisha ile skrubu ya pompa mahali pake pa zamani kabla ya kupima chochote kingine, na bluu ikajitokeza wazi, hasa gari likivuta.

Turbo ilikaguliwa kwanza kwa kuwa ni rahisi. Fito yake haikucheza, na bomba linalotoka kwake kwenda intakula, kile kipoza hewa, lilikuwa na unyevu kidogo tu. Vumbi likafuata. Vumbi jekundu la Katanga limeua injini nyingi kupitia chujio la hewa lililotoboka, lakini kitambaa cheupe tulichopitisha ndani ya bomba baada ya chujio kilitoka safi.

Halafu tukapima kinachovuja kwenda chini. Kipimo hiki hakihitaji mashine. Chukua mpira unaoona ndani, ule ambao waashi hutumia kupimia maji ya ukuta, ukunje kama herufi U na uufunge kwenye ubao, tia maji nusu, kisha unganisha ncha moja na tundu la kijiti cha oili. Gesi inayopenya ringi inajaza chini ya injini na kuyasukuma maji. Injini ikiwa ya moto na ralanti tu, maji yalipanda sentimita 20. Dereva alipokanyaga, yaliruka nje ya mpira yakamlowesha kijana aliyekuwa ameshika ubao. Kila mtengenezaji ana kikomo chake na njia yake ya kupima. Hapa tulihitaji namba ya kulinganisha, na namba hiyo tuliipata.

Kipimo cha mgandamizo kilileta jambo la kuvutia. Silinda zote sita zilikuwa karibu sawa, na wala hazikuwa mbaya sana. Watu wengi wangeishia hapo na kusema ringi ni nzima. Lakini silinda yenye oili nyingi ukutani huweza kutoa namba nzuri, kwa sababu oili yenyewe inaziba. Kilichonisaidia zaidi ni ule usawa: ringi moja iliyovunjika au kufungwa kichwa chini ingeonyesha silinda moja mgonjwa. Sita zinazougua kwa kiwango kimoja zimepitia jambo moja.

WD615 ina kichwa cha silinda cha peke yake kwa kila silinda, jambo ninaloishukuru kila mara. Tulifungua cha namba tatu kwanza. Ukimulika tochi ndani, ukuta uling'aa wenye rangi ya asali, na chini ya ule mng'ao mikwaruzo ya kiwandani ilionekana yote, toka juu hadi chini, haijaguswa. Hakukuwa na mistari ya wima. Shemizi iliyokuwa na saa nyingi hivyo ilikuwa haijaanza kazi. Mama alipiga picha kwa simu yake, na picha hiyo ilimfaa baadaye.

Namba tano, tulipoifikia, ilikuwa na hadithi ya ziada: mistari michache ya wima upande mmoja, chini ya nozeli (kinyunyizio cha mazuti) iliyokuwa inadondosha. Huo ni mkono wa pompa. Mazuti yanayozidi na kutopasuka vizuri huosha ukuta, oili ikaondoka, chuma kikagusa chuma.

Hoja ya dereva

Dereva si mtu wa kubeza. Alisikiliza maelezo ya shinikizo, akaniuliza: "Mukubwa, kama mlipuko mukali ndio unakalisha ringi, basi kufungua pompe kungesaidia. Juu ya nini kulizidisha ugonjwa?"

Swali ni zuri na jibu lake ndilo kiini cha kisa hiki. Shinikizo hukalisha ringi kwenye ukuta ambao bado una vilele. Pompa ilifunguliwa ukuta ukiwa tayari umefunikwa. Mlipuko mkubwa zaidi ulipenya ringi ambazo hazijabana, ukashuka na moto wake hadi kwenye mifereji ya ringi, ukaunguza oili humo na kuanza kuzinatisha ringi mahali pake. Joto likaongeza lile gamba. Mazuti yaliyozidi yakachanganyika na oili na kuifanya nyepesi. Ukiongeza mazuti kwenye injini iliyokaa, unapata nguvu. Kwenye hii, nguvu ya wiki mbili ilitoka kwenye akiba ya injini yenyewe.

Kuna na suala la mahali. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa huku ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar es Salaam, na turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufidia. Kiasi cha mazuti ambacho pwani kingeungua chote, huku kinatoka mweusi. Fundi wa pompa anayefuata namba aliyosikia kwa mwenzake wa bandarini anamwaga mazuti barabarani.

Tiba

Tulijaribu njia ya bei nafuu kwanza: pompa kwenye kipimo chake, oili ya kawaida ya madini 15W-40, na mzigo wa kweli. Gamba likiwa jepesi, saa kadhaa za kuvuta mlimani huweza kulikwangua. Maji kwenye mpira yalishuka kidogo, yakagota. Sikutaka kuendelea kwa matumaini, kwa sababu namba tano ilikuwa inaendelea kuchanika.

Injini ikafunguliwa. Shemizi ya tano ilibadilishwa. Zilizobaki zilisuguliwa upya kwa mawe, mashine ikizunguka huku mkono ukipanda na kushuka kwa mwendo ule ule ili mikwaruzo ikatizane vizuri. Ukipandisha polepole mno unapata mikwaruzo ya kulala, ambayo hushika oili nyingi kupita kiasi.

Kuosha ndiko watu wanakokosea zaidi. Mawe yanaacha unga mkali ndani ya mikwaruzo, na petroli au mazuti hayautoi, yanausambaza tu. Unaotoa ni maji ya moto, sabuni ya unga na brashi. Kijana wetu alisugua, akafuta kwa kitambaa cheupe, kikatoka kijivu. Akasugua tena. "Papa, sasa inang'aa," alisema, na kitambaa kikatoka kijivu tena. Siku hiyo nadhani alinichukia. Tulipofika kitambaa kinachotoka cheupe, ukuta ulipakwa oili papo hapo, maana chuma kilichooshwa hivyo kinashika kutu ndani ya dakika chache.

Ringi mpya zilipimwa moja moja ndani ya shemizi yake, zikinyooshwa kwa kichwa cha pistoni, kisha pengo la ncha likapimwa kwa fila geji. Mama alikuwa bado anataka nguvu baadaye, na uamuzi huo unaanzia hapa, injini ikiwa mezani. Joto likiongezeka ringi inarefuka. Pengo likiwa dogo ncha zinagusana, ringi inakwaruza ukuta au kuvunjika. Tukayaweka mapengo upande wa juu wa kiwango alichotoa mtengenezaji, bila kukipita. Mapengo ya ringi kwenye pistoni moja yakatawanywa yasipangane mstari mmoja.

Rodaji ya pili

Injini ilizungushwa kwa stata bila mazuti hadi geji ya oili ikapanda, kisha ikawashwa. Dakika chache za kutazama kama kuna kinachovuja, na safari ikaanza. Trela lilibeba kama nusu ya mzigo wake, kuelekea Likasi. Dereva alipewa utaratibu mmoja: chagua gia inayokuruhusu kuvuta toka mizunguko 1,200 hadi 1,800, kanyaga kwa nguvu ila usifike sakafuni, kisha achia gari lijizuie kwa gia hadi mizunguko ishuke, na urudie. Usikae kwenye mzunguko mmoja. Ukilazimika kusimama muda mrefu, zima. Alipouliza hivyo vitaendelea hadi lini, nilimwambia hadi Lwisha, na akifika Lwisha aendelee.

Oili ya kwanza ilimwagwa mapema, ikiwa bado moto, gari halijafika kilomita 1,000, na chujio likakatwa kwa kikata-chujio. Msumeno haufai hapo kwa kuwa unanyunyiza chuma chake na kuharibu ushahidi. Ndani kulikuwa na ung'avu wa kijivu laini, ambao ni kawaida. Hakukuwa na kipande ambacho ukucha unakihisi. Mzigo ukaongezwa hadi kamili. Ule mpira wa waashi ulirudishwa kwenye tundu lile lile: sentimita 4, baadaye 3, ikabaki 3. Oili ilianza kwa lita 0.2 kwa kilomita 100, ikashuka chini ya 0.1 na kusimama hapo.

Kusimama ndiko nilikokuwa nakungoja. Injini mbili zenye kilomita sawa zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa za ringi. Mimi naruhusu pompa iguswe pale vipimo viwili, gesi ya chini na oili inayoliwa, vinapoacha kubadilika safari baada ya safari.

Nguvu yenyewe

Pompa ilitolewa ikapelekwa benchi kwanza, njia zake sita zisawazishwe, na nozeli zikapimwa upya. Kufungua pompa isiyo sawa ni kuipa silinda moja chakula cha mbili. Kisha tukafunga kipimajoto cha moshi kabla ya turbo, upande ambako gesi ni moto zaidi, na kusoma hali ilivyo bila kubadilisha kitu: trela limejaa, kwenye miinuko ya karibu na Fungurume, nyuzi 560. Alumini huyeyuka kwenye 660 na aloi ya pistoni hulainika kabla ya hapo. Pistoni ina oili na maji ya kuipoza, kwa hiyo haifiki joto la moshi, lakini mafundi waangalifu wengi hawapendi mlima mrefu upite 700.

Skrubu iliongezwa kidogo. Kile kidhibiti cha pompa kinachoingoja hewa ya turbo kilirudishwa kwenye kazi yake, moshi mweusi ukabaki ule wa sekunde moja wakati wa kubadili gia. Mlima ule ule, mzigo ule ule: 640. Tukaacha hapo. Dereva anasema gari linapanda gia moja juu ya zamani, na mazuti kwa kilomita 100 hayajaongezeka kwa kiasi cha kuonekana kwenye daftari la mama.

Garaji ya kwanza ilisema kosa ni la fundi wa pompa. Fundi wa pompa akasema alikuta injini tayari mgonjwa, na katika hilo alikuwa na haki nusu. Mama alitoa ile picha ya namba tatu, mikwaruzo ya kiwandani chini ya gamba. Garaji ikakubali kulipa ringi na gasketi. Shemizi ya tano na kazi ya benchi alilipa mwenyewe.

Dereva bado anaomba 700. Mama amemwambia geji iko mbele ya macho yake, na siku itakayopita 650 mzigo ukiwa wa kawaida, apige simu kabla ya kuendelea. Betri mpya pia imenunuliwa, ili Kasumbalesa injini izimwe.